Nyongeza Inawapa Nini Mashujaa wa Zamani?

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, wageni waalikwa, na vijana wenzangu,

Nimeombwa nizungumze juu ya gemu za mapigano ya uhusika, yaani zile ambazo mchezaji humchukua shujaa mmoja, akamwingiza katika mapango na makaburi, akaua mashetani na wafu waliofufuka kwa mamia, akaokota ngawira wanayoidondosha, na kila anapopanda ngazi akamwongezea shujaa wake nguvu na stadi kwa namna anayoichagua mwenyewe. Gemu za namna hii ni nyingi, na mabishano ya kuzilinganisha kwa kawaida huishia kwenye picha, sauti na ukubwa wa ulimwengu wake. Mimi nitashika jambo moja tu, nalo ni mfumo wa aina za mashujaa na kile ambacho nyongeza, yaani sehemu mpya ya gemu inayotolewa baada ya gemu ya msingi, huufanyia mfumo huo. Rai yangu ni kwamba nyongeza haifai kupimwa kwa shujaa mpya aliyechorwa juu ya kasha lake. Ipimwe kwa kile inachoipa aina ya shujaa uliyokwisha kuizoea kabla hujatoa fedha zako.

Wapo wanaodhani kwamba kuta zinazotenganisha aina za mashujaa ni asili ya gemu hizi tangu siku ya kwanza. Sivyo. Diablo, iliyotengenezwa na Blizzard North ya California na kutoka mwishoni kabisa mwa mwaka 1996, ilikuwa na mashujaa watatu: Warrior mshika upanga, Rogue mpiga upinde, na Sorcerer mchawi. Tofauti yao kubwa ilikuwa katika ukomo wa sifa zao. Kwa pointi zake mwenyewe, zile anazopata kila anapopanda ngazi, Warrior angeweza kupandisha uwezo wake wa uchawi hadi 50 tu, Rogue hadi 70, na Sorcerer hadi 250; lakini kitabu cha uchawi kilichookotwa chini ya kanisa la Tristram kingeweza kusomwa na yeyote kati yao aliyetimiza kiwango kilichotakiwa, na Warrior aliyejaliwa pete na mkufu unaofaa alirusha moto sawa na mchawi, ingawa kwa nguvu pungufu. Aina ya shujaa ilionyesha mahali ambapo safari ingekuwa rahisi, na mchezaji aliyetaka njia ngumu hakuzuiwa na mtu.

Nyongeza ya gemu hiyo, Hellfire ya mwaka 1997, haikutengenezwa na Blizzard North bali na Synergistic Software, na ilimleta shujaa mmoja rasmi, Monk. Wengine wawili, Bard na Barbarian, waliachwa wamefichwa ndani yake, mmoja akitumia umbo la Rogue na mwingine umbo la Warrior, na mchezaji aliwafungua kwa kuandika amri katika faili dogo la maandishi. Nawataja kwa sababu ni mfano wa mapema wa nyongeza inayohesabu vichwa tu. Kwa Sorcerer aliyekuwapo tangu mwanzo, kuwapo kwa Bard hakukubadilisha lolote.

Kuta zilijengwa na Diablo II, iliyotoka mwezi Juni mwaka 2000. Mashujaa walikuwa watano: Amazon, Barbarian, Necromancer, Paladin na Sorceress. Kila mmoja alikuwa na stadi 30 zilizogawanywa katika miti mitatu, yaani makundi ambamo stadi ya chini hufungulia ya juu yake, jumla yake stadi 150, na hapakuwa na hata moja iliyomilikiwa na wawili. Faida yake ilionekana mara moja. Ukimwona mtu anatembea huku amezungukwa na mifupa inayopigana kwa niaba yake, huna haja ya kuuliza ni nani. Na kundi la wachezaji wanane liliweza kugawana kazi kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anaweza nini na hawezi nini. Paladin alileta nuru zilizowaimarisha wote waliomkaribia, Barbarian akapiga mayowe yaliyowaongezea uhai, na Sorceress akatangulia kwa kuruka kutoka mahali hadi mahali bila kugusa ardhi.

Gharama yake nayo ilikuwa kubwa. Stadi zenye nguvu zaidi zilifunguka ngazi ya 30, na pointi iliyokwisha kuwekwa haikurudi. Kwa hiyo wachezaji waangalifu walitembea na pointi zao mfukoni ngazi baada ya ngazi, wakivumilia unyonge, ili wazimwage zote mahali pamoja siku watakapofika huko. Na yule aliyeziweka vibaya alikuwa na njia moja tu, kumtelekeza shujaa wake na kuanza upya. Ruhusa ya kuzirudisha pointi iliingia mwaka 2010 tu, miaka kumi baada ya gemu kutoka. Nimewahi kusikia watu wakiusifu ukali huo kama shule ya nidhamu. Mimi nauona kuwa ulikuwa usumbufu uliozoeleka hadi ukapewa heshima.

Sasa tuitazame nyongeza yake, Lord of Destruction, ya mwezi Juni mwaka 2001, ambayo hadi leo wengi huitumia kama kipimo cha nyongeza zote. Iliwaleta Assassin na Druid, na sura ya tano ya hadithi katika mji wa Harrogath na juu ya Mlima Arreat, ambako Baal ndiye adui wa mwisho. Hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ukimuuliza mtu aliyekuwa na Necromancer tangu mwaka uliotangulia alipata nini, atakujibu kwa mambo ambayo hayakuwa na sifa kubwa kwenye tangazo: hazina ya kuhifadhia vitu iliyopanuliwa, picha iliyopanda kutoka 640 kwa 480 hadi 800 kwa 600, uwezo wa kubadilisha silaha mbili kwa kitufe kimoja, na askari wa kukodi ambaye sasa alimfuata mwajiri wake kutoka sura moja hadi nyingine, akavalishwa vifaa na kufufuliwa akifa. Katika miti yake ya stadi hakuongezewa hata tawi moja.

Zawadi iliyokuwa nzito ilikuja kwa mlango wa vifaa, na hapo nyongeza hii ilifanya mambo mawili yanayopingana. Kwa upande mmoja ilileta vifaa vya aina moja tu ya shujaa: vichwa vilivyokaushwa vya Necromancer, ngao za Paladin, ngozi za wanyama za Druid, makucha ya Assassin. Hivyo ilizinenepesha kuta. Kwa upande mwingine ilileta mawe yenye herufi za kale, yaani runi, ambazo zikipachikwa kwa mpangilio maalumu katika kifaa chenye matundu huunda neno lenye nguvu; na baadhi ya maneno hayo yalikuja kuzibomoa kuta zile zile. Sasisho la 1.10 la mwaka 2003 liliongeza neno liitwalo Enigma, la runi tatu Jah, Ith na Ber, ambalo humpa mvaaji yeyote stadi ya kuruka papo kwa papo, iliyokuwa mali ya Sorceress peke yake. Likaongeza Call to Arms, ambalo humpa mshikaji yeyote yowe la vita la Barbarian. Kuanzia hapo Paladin aliruka kama Sorceress na Necromancer alipiga yowe kama Barbarian, na mashujaa wa mwaka 2000 wakawa watu wapya bila kuongezewa stadi hata moja katika miti yao.

Nakiri kwamba hakuna ubunifu katika gemu hizi ninaouheshimu kuliko huo. Hata hivyo lazima isemwe kwamba ulikuwa uhuru wa matajiri. Runi za Jah na Ber ni adimu mno, na wengi waliocheza peke yao nyumbani, bila kubadilishana vitu na wengine, waliufunga mchezo bila kuzishika mkononi. Tena, mara tu kifaa kimoja kilipoweza kumpa kila mtu mwendo wa Sorceress, safari ya kila shujaa tajiri ilielekea kwenye koti lile lile. Sasisho hilo hilo lilileta pia utaratibu wa stadi kusaidiana, ambapo pointi ulizoweka katika stadi ndogo ya mwanzo zinaikuza stadi kubwa ya mwisho. Lilikuwa jambo la haki kwa stadi zilizokuwa zimesahauliwa, lakini lilimfunga mchezaji kwenye stadi moja au mbili alizozilisha pointi zote.

Mwaka 2006 kampuni ya Iron Lore ya Massachusetts, Marekani, ilitoa Titan Quest, na ikalijibu swali la kuta kwa namna nyingine kabisa. Humo mchezaji hachagui shujaa aliyekamilika. Anaanza na mtu wa kawaida katika kijiji cha Ugiriki ya kale, na anapofika ngazi ya pili anachagua fani moja kati ya nane: vita, ulinzi, ardhi, dhoruba, maumbile, uwindaji, ujambazi au roho. Akifika ngazi ya nane anaruhusiwa kuchukua fani ya pili, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaompa jina lake. Vita na dhoruba humfanya Thane. Ardhi na dhoruba, Elementalist. Vita na ulinzi, Conqueror. Fani nane zikichukuliwa mbili mbili zinatoa jozi 28, mbali na wale wachache wanaoamua kubaki na fani moja.

Naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, kwa kuwa hoja yangu yote inasimama juu yake. Katika Diablo II, kuongeza shujaa mmoja kunaongeza shujaa mmoja. Katika Titan Quest, nyongeza ya Immortal Throne ya mwaka 2007 ilileta fani moja tu, ya ndoto, lakini fani hiyo ilikutana na kila moja ya zile nane za zamani, na jozi zikapanda kutoka 28 hadi 36. Aliyeijua fani ya uwindaji kwa moyo alipata mwindaji wa namna ambayo haikuwapo jana, na aliyependa roho akapata mwenzi mpya kwa roho zake. Ni kama kuingiza kiungo kipya jikoni: hakikai peke yake kwenye sahani, kinabadilisha ladha ya kila chungu utakachokitia. Iron Lore ilifungwa mwaka 2008, lakini mfumo wake ulikuwa na uhai kuliko kampuni yenyewe. THQ Nordic iliifufua gemu kwa toleo la maadhimisho mwaka 2016, ikaongeza fani ya runi kupitia Ragnarök mwaka 2017, na fani ya Neidan kupitia Eternal Embers mwaka 2021, na jozi zikafika 55. Kati ya hizo mbili ilitoka Atlantis, mwaka 2019, isiyokuwa na fani mpya. Sina la kuisema sana. Ni mahali pa kutembelea.

Baadhi ya waliokuwa Iron Lore, wakiongozwa na Arthur Bruno, walianzisha Crate Entertainment, wakaitumia mitambo ile ile ya Titan Quest kutengeneza Grim Dawn. Mwaka 2012 waliuomba umma mchango kupitia Kickstarter na wakapata zaidi ya dola nusu milioni, na gemu ikatoka kamili Februari 2016. Ulimwengu wake unaitwa Cairn, ni wa giza na bunduki za zamani, na fani zake za mwanzo zilikuwa sita: Soldier, Demolitionist, Occultist, Nightblade, Arcanist na Shaman. Jozi zilikuwa 15, pungufu kuliko za Titan Quest, na nadhani upungufu huo ulikuwa wa makusudi na wa busara, kwa sababu kila fani ilijengwa kwa kina zaidi. Unaweka pointi katika mstari wa fani yenyewe, ambao unakuongezea nguvu za mwili na kukufungulia stadi, au katika stadi moja moja, na pointi hazikutoshi kwa vyote viwili. Hapo ndipo mtu anajua anataka nini hasa kutoka kwa fani yake ya pili: je, anaichukua kwa ajili ya stadi tatu za chini na kuiacha hapo, au anataka kwenda nayo hadi juu?

Juu ya fani, Grim Dawn imeweka anga ya nyota. Mchezaji anayasafisha madhabahu yaliyobomolewa, anapata pointi, na kwa pointi hizo anajaza makundi ya nyota yaliyochorwa mbinguni, mengine yakimpa nguvu zinazojifyatua zenyewe pindi anapopiga au anapopigwa. Anga hiyo ni ya wote, na haiulizi wewe ni Soldier au Shaman. Kwa hiyo nyongeza inapoongeza nyota, inawaongezea wote kwa pamoja, hata yule shujaa aliyekwisha kufunga jozi yake na hana nafasi ya fani nyingine.

Nasisitiza hilo kwa sababu mtu anaweza kunipinga hivi: shujaa aliyekwisha kuchagua fani mbili hapati ya tatu, basi fani mpya imemsaidia nini? Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana mwanzoni nilisema aina ya shujaa uliyoizoea, sikusema shujaa yule mmoja uliyemlea. Ashes of Malmouth, nyongeza ya Oktoba 2017, iliwaleta Inquisitor na Necromancer, na jozi zikapanda kutoka 15 hadi 28. Mshabiki wa Soldier aliyezoea kumwoanisha na Occultist akawa Witchblade, au na Arcanist akawa Battlemage, sasa alipata Tactician upande wa Inquisitor na Death Knight upande wa Necromancer, na ujuzi wake wote wa Soldier ulikuwa bado na thamani. Alichopaswa kujifunza kilikuwa nusu tu ya shujaa. Naye yule Witchblade mzee hakuachwa mikono mitupu, kwani ukomo wa ngazi ulipanda kutoka 85 hadi 100, akapata pointi za kuyakamilisha aliyoyaacha njiani. Machi 2019 ikafuata Forgotten Gods, katika jangwa la Korvan, ikiwa na fani ya tisa, Oathkeeper, na jozi zikawa 36. Nyongeza hiyo pia ilileta runi za mwendo zinazomwezesha shujaa yeyote kuruka au kuchomoka mbele kwa kasi. Linganisheni na Enigma: uhuru ule ule wa mwendo, lakini huku unapatikana kwa mtu wa kawaida anayecheza kwa utaratibu, bila kusubiri miujiza ya bahati.

Tusidanganyane kwamba jozi 36 ni mashujaa 36 walio sawa. Namba hiyo ni ya karatasini. Nightblade anauma kwa baridi, sumu na ncha ya kisu, na Demolitionist anaunguza kwa moto na radi. Ukiwaunganisha unapata Saboteur, ambaye nusu moja ya mwili wake inadai vifaa vya kukuza baridi na nusu nyingine vya kukuza moto. Watengenezaji walikuja kuliziba pengo hilo taratibu kwa vifaa vinavyogeuza aina moja ya madhara kuwa nyingine, na nyongeza zote mbili zilivimwaga kwa wingi. Bado zipo jozi ambazo watu huzichagua ili kuonyesha ushupavu tu. Lakini hata ukiondoa theluthi ya jozi zote, waliobaki ni wengi kuliko waliowahi kutolewa na mfumo wa kuta.

Kuhusu Diablo III nitasema kwa ufupi. Ilitoka Mei 2012 na mashujaa watano na stadi zinazobadilishwa wakati wowote bila gharama, jambo lililoondoa maumivu ya Diablo II na, kwa maoni yangu, likaondoa pia sababu ya kumwita shujaa huyu wangu na yule wako, kwa kuwa Wizard wawili wa ngazi moja walitofautiana kwa mavazi tu. Ilikuwa pia na soko la mnada ambapo vifaa viliuzwa kwa fedha halisi. Soko hilo lilifungwa tarehe 18 Machi 2014, na wiki moja baadaye nyongeza ya Reaper of Souls ikatoka na shujaa mpya, Crusader. Watu wengi huisifu Reaper of Souls kwa kuiokoa gemu hiyo, na kwa sehemu wana haki, maana namna ya kucheza kwa kuzunguka ulimwengu bila kurudia hadithi ilikuja nayo. Ila dawa kubwa kuliko zote, ngawira inayomlenga shujaa unayemtumia, ilitolewa bure kwa kila mtu mwezi mmoja kabla. Halafu mwaka 2017 wakauza Necromancer peke yake kwa dola 15. Ukitaka kuona nyongeza isiyowapa wazee chochote, ndiyo hiyo imesimama bila nguo.

Path of Exile ya Grinding Gear Games, kampuni ya Auckland nchini New Zealand, ni jambo la kutafakari kwa utulivu zaidi. Ilitoka Oktoba 2013 bila bei ya kuingilia. Aina za mashujaa ni saba, lakini wote wanasimama juu ya mti mmoja wa nguvu za kudumu wenye vituo zaidi ya 1,300. Aina yako inaamua tu unaanzia upande gani wa mti huo. Stadi zenyewe ni vito vinavyopachikwa katika vifaa, na kito chochote kinamkubali shujaa yeyote. Mwezi Machi mwaka 2016 nyongeza iitwayo Ascendancy iligawa aina hizo saba katika ubobezi 19, bure, na hakuna aliyebaki bila kuguswa. Kwa kipimo nilichokiweka, hii ndiyo inayostahili kushinda: kila kito kipya ni cha wote, na kila tawi jipya la mti linaweza kufikiwa na wote.

Kwa nini basi siipi ushindi? Kwa sababu inakichukua kwa mkono wa kushoto ilichokitoa kwa mkono wa kulia. Takriban kila baada ya miezi mitatu inaanza ligi mpya, na wachezaji wengi wanaanza upya na shujaa asiye na kitu. Yule wa ligi iliyopita anahamishiwa kwenye ulimwengu wa kudumu, ambako hakuna kipya kinachomsubiri na wenzake wamekwisha kuhama. Kuta za Diablo II ziliwatenga mashujaa kwa aina, na ligi zinawatenga kwa majira. Isitoshe, mgeni anayeuona mti ule kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua kituo kipi ni cha maana, na nimewaona vijana wenye akili nzuri wakifuata mpango wa mtu mwingine neno kwa neno hadi mwisho bila kujiamulia chochote, ilhali wapo katika gemu yenye uhuru mkubwa kuliko zote. Ndugu yake mdogo, Path of Exile 2, alifunguliwa kabla ya kukamilika mwezi Desemba 2024 akiwa na aina sita, na Huntress akaongezwa Aprili 2025. Humo stadi zimesogezwa karibu zaidi na silaha, na nadhani ni kukiri kwamba uhuru usio na sura ulikuwa unawachosha watu.

Diablo IV, ya Juni 2023, imerudi kwenye kuta. Vessel of Hatred, nyongeza yake ya Oktoba 2024 iliyouzwa kwa dola 40, ilimleta Spiritborn, mpiganaji wa msitu wa Nahantu anayechota nguvu kwa roho za chui, sokwe, tai na tandu. Ni shujaa aliyebuniwa kwa ustadi, na mwendo wake ni raha kuutazama. Lakini alipotoka aliwazidi wenzake kwa umbali mkubwa mno, kiasi kwamba mwenye Barbarian wake wa mwaka mzima alijikuta akimtazama mgeni akimaliza kwa sekunde kazi iliyomtoa yeye jasho. Wale watano wa zamani walipewa stadi moja mpya kila mmoja, pamoja na askari wa kukodi na runi zilizorejeshwa. Sisemi kwamba hawakupewa kitu. Nasema kwamba waliketishwa mbali na meza kuu.

Kuna upande mwingine wa ulinganisho huu unaotuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Diablo III kwenye kompyuta, Diablo IV na Path of Exile zinadai intaneti muda wote, hata unapocheza peke yako. Bando likiisha katikati ya mapigano, shujaa anabaki amesimama mbele ya adui, na kama umemchagua kuwa wa maisha mamoja tu, ndiyo mwisho wake. Titan Quest na Grim Dawn zinachezwa bila intaneti ukishazipakua, hazidai kompyuta ya kisasa, na Titan Quest ipo pia kwenye simu. Nyongeza zake unanunua mara moja na zinakuwa zako. Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu anayeweka akiba kununua gemu moja kwa mwaka, jozi 36 anazoweza kuzijaribu usiku wowote, umeme ukiwapo, zina thamani ambayo wakaguzi wa magazeti ya ng'ambo hawana sababu ya kuihesabu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kwamba achukue Grim Dawn ya msingi pekee, bila nyongeza, na amchague Soldier kwanza, kwa kuwa anavumilia makosa. Asikimbilie fani ya pili ngazi ya kumi inapofika kwa sababu tu mlango umefunguka. Apige hatua kadhaa aone Soldier anakosa nini, kisha achague kinachojaza pengo hilo. Akikosa mbinu ya kuwapiga wengi kwa mpigo, Demolitionist atamfaa. Akikosa uponyaji, amtazame Shaman. Akishamaliza hadithi ndipo anunue Ashes of Malmouth, maana hapo ndipo atakapoona kwa macho yake jinsi Soldier wake anavyobadilika akikaa karibu na Necromancer. Forgotten Gods inaweza kusubiri hadi akiba itakapojaa tena.

Crate wametangaza nyongeza nyingine, Fangs of Asterkarn, yenye fani ya kumi, Berserker, anayegeuka umbo. Jozi zitafika 45. Nitakapoifungua sitamwanza Berserker peke yake. Nitamchukua Occultist wangu, fani ambayo kwa muda mrefu nimeiona ikipewa wenzi wa kumsaidia kulaani watu kutoka mbali, nimtie umbo la mnyama, nione kama laana zake zinafanya kazi kwa makucha.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali, hasa kutoka kwa watetezi wa Diablo II, ambao nawaona wamekwisha kunyoosha mikono.